Globu zinazosahau nyumba: barua ya wazi kwa waagizaji na wauzaji wa taa janja

Ndugu zangu waagizaji na wauzaji wa taa za majumbani, mlioko Kariakoo na katika miji yote mnakopeleka mizigo,

Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Dar es Salaam. Bidhaa mnazouza asubuhi ndizo ninazofunga jioni, na zikisumbua, anayepigiwa simu si ninyi, ni mimi. Nimeona niwaandikie waziwazi, mbele ya wateja wetu wote, kuhusu globu janja, hizi zinazoungana na waifai na kuendeshwa kwa simu.

Ombi langu ni moja, na mengine yote yanazaliwa humo. Acheni kuagiza globu inayofuta kumbukumbu zake kwa kuwashwa na kuzimwa mara tatu tu. Kwa jinsi umeme wetu ulivyo, globu ya namna hiyo hujiriseti yenyewe, na mteja anabaki na taa inayopepesa chumbani bila kujua kimetokea nini. Fundi anaweza kuiunganisha upya leo na kesho ikasahau tena. Mwenye dawa ni yule anayeandika oda ya kiwandani, na huyo ni ninyi.

Naomba nieleze linavyotokea, maana nimezungumza na wauzaji wengi ambao nao hawajawahi kuelezwa na waliowauzia.

Globu haina kitufe. Haina kioo, wala tundu la kuingiza sindano kama lililo nyuma ya ruta. Kitu pekee inachoweza kukihisi kutoka kwa binadamu ni umeme kuingia na umeme kutoka. Waliobuni globu hizi walihitaji njia ya kuziamuru zisahau kila kitu na kuanza upya, wakaamua swichi ya ukutani ndiyo iwe kitufe. Ndani ya globu kuna chipu yenye kumbukumbu ndogo. Kila umeme unapoingia, chipu huongeza moja kwenye hesabu yake. Globu ikikaa imewaka kwa sekunde kadhaa, hesabu inarudi sifuri. Umeme ukikatika kabla ya sekunde hizo kutimia, hesabu inabaki pale ilipofika, ikisubiri. Ikifika idadi iliyopangwa kiwandani, globu inafuta jina la waifai, inafuta neno la siri, inamwacha mmiliki wake, kisha inaanza kupepesa harakaharaka ikitafuta simu ya kuungana nayo.

Idadi hiyo kila mtengenezaji amejichagulia. LIFX wameweka mara 5. Globu za TRÅDFRI za IKEA ni mara 6. TP-Link wametenganisha mambo mawili: mara 3 inasahau waifai tu na kubakiza mipangilio, mara 5 inafuta vyote. Globu nyingi zinazoingia kwetu kwa majina ya biashara ya kila aina zimewekwa 3, na hapo ndipo balaa linapoanzia.

Chukueni hesabu hiyo ya mara tatu muilete Goba au Kigamboni wakati wa masika. Upepo unavuma, umeme unacheza: unaondoka, unarudi, unaondoka, unarudi. Hilo la kucheza halitokei kwa bahati mbaya. Kwenye laini kubwa za juu kuna swichi zinazojirudisha zenyewe. Tawi la mti likigusa waya, swichi hukata, husubiri kidogo, hurudisha. Ikikuta tawi bado lipo, hukata tena na kujaribu tena, mara kadhaa, kabla ya kuamua kukata moja kwa moja na kusubiri mafundi. Ni kifaa kizuri, na bila hicho tungekaa gizani saa nyingi kwa sababu ya tawi lililogusa waya kwa sekunde moja. Lakini tazameni mwendo wake: kata, rudisha, kata, rudisha, kata, rudisha. Huo ndio mwendo ambao globu yenu imefundishwa kuuelewa kuwa ni mwenye nyumba anayeiamuru isahau. Laini inafanya kazi yake sawasawa, globu nayo inafanya kazi yake sawasawa, na matokeo yake nyumba nzima inapepesa.

Ongezeni jenereta linalowaka na kukosa pumzi, inveta ya sola inayohama kutoka betri kwenda umeme wa laini, na swichi ya kubadilishia inayozungushwa kwa mkono na mlinzi mwenye haraka. Vyote hivyo kwa globu ni vidole vinavyogonga swichi.

Mwaka 2019 kampuni ya GE ya Marekani ilitoa video ya kuelekeza wateja namna ya kuriseti globu zake janja. Mtu aliambiwa aizime kwanza, kisha aiwashe kwa sekunde 8, aizime kwa sekunde 2, aiwashe tena 8, aizime 2, hivyohivyo mara tano, ndipo aiwashe aone kama itapepesa mara tatu kuonyesha kwamba imekubali. Video ile ilienea mtandaoni na watu wengi wakaicheka. Walisema ni upuuzi mtu mzima kusimama ukutani akihesabu sekunde. Mimi niliitazama kama fundi wa mahali ambapo umeme unacheza, nikaona humo ulinzi ambao globu zetu hazina. Mwendo mrefu wa namna ile, wenye sekunde zake maalumu, si rahisi laini iliyoguswa na tawi kuuigiza. Mchakato unaowachosha watu wa Marekani ungetupumzisha sisi.

Sidai muagize globu za GE. Ninachotaka mjue ni kwamba jambo hili linachagulika. Wengi wenu mnakwenda Guangzhou, na baadhi mnafika mpaka Guzhen, mji wa taa ulioko Zhongshan, mkazungumza na kiwanda uso kwa uso. Globu nyingi za huko zinatumia programu ya ndani inayotoka kwenye jukwaa la Tuya, kampuni ya Hangzhou iliyoanzishwa mwaka 2014, na ndiyo maana globu zenye majina tofauti kabisa zinakubali programu moja ya simu. Katika mipangilio ya jukwaa hilo kuna nafasi ya kuandika idadi ya kuwasha na kuzima inayoriseti taa, na nafasi nyingine ya kuchagua kama taa ikumbuke hali iliyokuwa nayo kabla ya umeme kukatika. Ni mambo ya kuandikwa kabla mzigo haujatengenezwa. Mnapoagiza mnataja volti 230, mnataja hezi 50, mnataja kishikio cha pini au cha kuzungusha, mnataja rangi ya boksi na jina lenu litakavyokaa. Ongezeni mstari: kuriseti kusipungue mara 6. Ongezeni mwingine: baada ya umeme kurudi, taa ibaki kama ilivyokuwa.

Huo mstari wa pili una uzito wake. Globu nyingi, umeme ukirudi, huwaka kwa nguvu zote hata kama zilikuwa zimezimwa kwa simu. Saa tisa usiku umeme unarudi na nyumba nzima inawaka, chumba cha watoto kikiwemo. Mgonjwa anaamka, mtoto analia, mama mwenye nyumba anaanza kuzunguka chumba kwa chumba akizima swichi za ukutani, na asubuhi taa zote hazionekani kwenye simu. Philips Hue, walioingia sokoni mwaka 2012, nao walikuwa na tabia hiyo mpaka mwaka 2018 walipoweka mipangilio ya kumruhusu mteja achague taa ifanye nini umeme ukirudi. Kama wao walisikia kilio cha wateja wao, nanyi mnaweza kusikia cha wenu.

Mnajua kifaa cha friji gadi. Nyumba nyingi zenye friji zinacho, na ninyi ndio mmekiuza. Umeme ukirudi, hakirushi moto kwenye friji papo hapo. Kinasubiri dakika chache mpaka kihakikishe umeme umetulia. Busara hiyo tumeielewa kwa friji miaka mingi. Globu yenye kompyuta ndani inastahili busara hiyo pia.

Hasara ya kukaa kimya inawarudia ninyi. Mteja akiona taa inapepesa, anasema imeungua. Anairudisha dukani, anakuta bango: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Anagombana na kijana wa kaunta, ambaye naye anaamini imeungua. Anaondoka na hasira na kumwambia jirani kuwa mali yenu ni feki. Globu hiyo ni nzima. Zipo nyumba nilizokuta globu za namna hiyo zimerundikwa kwenye ndoo ya taka, na kila niliyoifunga kwenye holda na kuiunganisha upya iliwaka. Fedha ya mteja ilitupwa kwa sababu ndani ya boksi kulikuwa na karatasi yenye Kichina na Kiingereza cha herufi ndogo kuliko punje ya mchele.

Kwa hiyo ombi langu linalofuata ni karatasi ya Kiswahili ndani ya kila boksi. Nawapa maneno yake kwa ajili ya globu za mara tatu mlizonazo tayari ghalani. Chukueni, chapisheni, sidai chochote. Mmwambie mteja hivi:

Umeme ukirudi na simu ikakuonyesha kwamba taa haipo mtandaoni, usiguse swichi. Globu inaamka papo hapo, lakini ruta inahitaji dakika kadhaa kuamka na kupata intaneti. Globu imetangulia kufika, haioni waifai, inaendelea kuitafuta. Iache ikiwa imewashwa ukutani. Ikipita robo saa, fungua tena programu uangalie. Ukianza kuwasha na kuzima kwa kukosa subira, ndipo utakapoifanya isahau.

Kama umebadilisha ruta au kampuni ya intaneti, usiriseti taa moja moja. Ipe ruta mpya jina lilelile la waifai na neno la siri lilelile, herufi kubwa na ndogo zikiwa kama zilivyokuwa. Taa zitarudi zenyewe.

Kama taa inapepesa, imeshasahau nyumba, iunganishe upya. Ruta nyingi za sasa zinarusha masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Globu hii inasikia 2.4 peke yake. Kama ruta yako ina majina mawili, weka simu kwenye lile lisilo na alama ya 5. Kama ina jina moja kwa masafa yote na taa inakataa, ingia kwenye mipangilio ya ruta uzime 5 kwa muda, unganisha taa, kisha uiwashe tena. Kwenye simu, washa bluetuthi na huduma ya mahali, na kama unatumia VPN izime mpaka umalize. Andika neno la siri la waifai taratibu, maana herufi moja ikikosewa, programu itazunguka mpaka mwisho ndipo ikatae, wala haitakuambia kosa lilikuwa hapo.

Kama unataka kuiriseti mwenyewe, izime kwa sekunde kumi. Kisha washa, zima, washa, zima, washa. Kila hatua ipe kama sekunde moja. Usigonge swichi kwa pupa, kwa sababu ndani ya globu hubaki umeme kidogo unaoifanya isitambue kwamba ilizimwa. Ikianza kupepesa haraka, iko tayari. Ikikataa kuunganishwa kwa njia hiyo, iriseti mara nyingine mpaka ipepese polepole. Sasa globu yenyewe inarusha waifai yake ndogo, ambayo mara nyingi jina lake linaanza na SmartLife. Ingia kwenye waifai hiyo kwa simu yako. Simu itakuonya kuwa hakuna intaneti. Baki humohumo, rudi kwenye programu umalizie.

Kama taa haiwaki kabisa, zima swichi kubwa, iache ipoe, ihamishie kwenye holda nyingine inayofanya kazi. Isipowaka na huko, kuriseti hakutaisaidia, irudishe dukani. Na kama swichi yako ni ya kupunguza mwanga kwa kuzungusha, globu janja haipatani nayo. Mwite fundi aweke swichi ya kawaida.

Hayo yanaingia kwenye karatasi moja iliyokunjwa. Na kijana wa kaunta akijifunza hayo tu atakuwa amepunguza nusu ya ugomvi wa dukani.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi mafundi, na ambalo sitaki lifichwe. Ipo tabia ya fundi kuunganisha taa za mteja kwa simu yake mwenyewe, kwa akaunti yake, kwa sababu mteja hana programu au ana haraka. Kazi inakwisha, fundi anaondoka, na mmiliki wa taa kwa mujibu wa mtandao anabaki kuwa fundi. Aliyeko Mbagala anaweza kuzima sebule ya Mbezi. Anaweza kuona ni saa ngapi watu wanalala na ni siku gani nyumba haina mtu. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, iliyopitishwa mwaka 2022. Lakini hata bila sheria, kila mmoja wetu anajua kwamba mwenendo wa usiku wa nyumba ya mtu ni siri ya nyumba hiyo. Fundi mwenzangu anayesoma hapa, muunganishie mteja kwa simu ya mteja, kwa akaunti ya mteja, kisha yeye mwenyewe awashirikishe jamaa zake. Nanyi wauzaji, mnapotupa kazi ya kufunga, lifanyeni hilo kuwa sharti.

Wapangaji nao wanahusika. Mtu anahama, anaziacha globu kwenye dari kama sehemu ya nyumba au anamuuzia anayeingia. Kabla hajaondoka, afungue programu, achague kuiondoa taa pamoja na kufuta taarifa zake. Kuna vifaa vinavyokataa kabisa akaunti mpya mpaka ya zamani ijitoe, na mpangaji aliyehamia Mwanza hatapokea simu yako kila saa. Mstari mmoja kwenye karatasi ungemaliza hilo.

Kuna swali ambalo ningependa kijana wa kaunta aulize kabla hajatoa globu kwenye kabati: nyumbani kuna intaneti ya kudumu? Nyumba nyingi zetu zinatumia bando la simu. Mteja anaunganisha globu na hotspoti ya simu yake, inawaka, anafurahi. Kesho yake anatoka na simu kwenda kazini, na globu inabaki nyumbani haina wa kuzungumza naye. Mke wake au mama yake anayebaki nyumbani hawezi kuiendesha. Na simu nyingine zinarusha hotspoti kwa gigahezi 5, globu isizione hata kidogo. Kwenye iPhone 12 na zilizofuata kuna mahali pa kuruhusu vifaa vya zamani viingie, na mtu asipojua hilo atahangaika usiku kucha. Mteja asiye na ruta inayobaki nyumbani muuzieni globu ya kawaida ya LED, au ile yenye rimoti yake. Atawalipa pungufu leo, lakini atarudi.

Muulizeni pia kama nyumbani kwake watu wana desturi ya kuzima ukutani. Karibu sote tunayo. Tumelelewa hivyo, ukitoka chumbani zima taa, na mita ya Luku imetufundisha zaidi. Globu janja ikizimwa ukutani imekufa kwa muda. Simu haiwezi kuifufua. Ili ifanye kazi ni lazima swichi ibaki imewashwa siku zote, na mteja anaogopa uniti. Mpeni hesabu. Globu iliyozimwa kwa simu ikisubiri amri inakula kama nusu wati. Kwa saa 24, siku 30, ni uniti 0.36, yaani kama theluthi moja ya uniti kwa mwezi kwa kila globu. Si nyingi kwa globu mbili. Kwa nyumba yenye globu ishirini ni zaidi ya uniti 7 kila mwezi kwa taa zilizozimwa, na mwenye nyumba ana haki ya kulijua hilo kabla ya kulipa.

Kwa nyumba kama hizo nimekuwa nikishauri swichi janja badala ya globu janja, kwa kuwa watoto na wageni wanaendelea kubonyeza ukutani kama kawaida na simu nayo inafanya kazi. Lakini nako kuna la kusema. Swichi nyingi mnazoleta zinahitaji waya wa nyutro ndani ya boksi la swichi, na nyumba zetu nyingi zimefungwa kwa mtindo wa kupeleka waya wa moto tu kwenye swichi na kurudisha mmoja kwenye taa. Nyutro inaishia juu kwenye dari. Mteja ananunua, fundi anafungua boksi, nyutro haipo, mali inakaa kabatini. Andikeni juu ya boksi kwa herufi kubwa: inahitaji nyutro, au haihitaji. Maneno mawili.

Limebaki jambo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko yote, kwa sababu hata mwendo wa kuriseti uwe mzuri kiasi gani hauwezi kulitibu. Globu hizi zinapokea amri kupitia seva zilizoko mbali. Seva ikizimwa, unaweza kuriseti mpaka asubuhi na isiungane na kitu. Tarehe 31 Agosti 2021 seva za Lightify za kampuni ya Osram zilifungwa. Aprili 2022 seva za Insteon ya Marekani zilizimika bila wateja kuambiwa, watu wakaamka asubuhi na nyumba zao hazisikii, mpaka kundi la wateja wenyewe liliponunua kampuni hiyo miezi michache baadaye. Hizo ni kampuni zenye majina. Jina lililochapishwa kwenye boksi lenu kwa oda ya kontena moja lina uimara gani?

Uingereza wameliwekea sheria. Tangu tarehe 29 Aprili 2024 kifaa cha nyumbani kinachoungana na intaneti hakiruhusiwi kuuzwa kule kikiwa na neno la siri la kiwandani linalofanana kwa vifaa vyote, na ni lazima mteja aambiwe kitapata marekebisho ya usalama mpaka lini. Wajibu huo haukuishia kwa mtengenezaji, umemfikia mwagizaji na msambazaji. Huku kwetu msingoje sheria ije na faini. Ulizeni kiwanda leo: programu hii itahudumiwa mpaka mwaka gani? Kisha mwaka huo uandikwe juu ya boksi, mahali pale mnapoandika saa za uhai wa globu.

Na pale bei inaporuhusu, agizeni zenye alama ya Matter. Ni kiwango kilichotolewa Oktoba 2022 na muungano wa watengenezaji wakubwa, na faida yake kubwa kwetu ni kwamba simu na taa zinaweza kuzungumza ndani ya nyumba hata intaneti ikiwa imekatika. Globu ya Matter ina msimbo wa QR na namba zake, na mara nyingi umechapishwa kwenye mwili wa globu, mahali usipoonekana tena ikishafungwa juu. Mwambieni mteja aupige picha kabla ya kupanda ngazi. Siku ya kuriseti atauhitaji, na asipokuwa nao itabidi taa ishushwe.

Najua mtaniambia kuwa mteja wa Kariakoo anaangalia bei kwanza. Ni kweli, na mimi pia naangalia bei. Lakini kubadilisha tatu kuwa sita kwenye mipangilio ya kiwanda si kuongeza waya wala plastiki kwenye globu, na karatasi ya Kiswahili ni gharama ndogo kuliko rangi nne za boksi. Mnalipia picha ya msichana wa kizungu akitabasamu chini ya taa ya zambarau. Fedha hiyo ingeweza kulipia maelezo ambayo bibi wa Tabata angeyasoma na kuyafuata peke yake.

Basi oda ya kontena lijalo iwe na mistari hii kwa maandishi, na kiwanda kiitie sahihi: kuriseti kusipungue mara 6, taa ikumbuke hali yake umeme ukirudi, mwaka wa mwisho wa huduma utajwe, maelezo ya Kiswahili yawe ndani ya kila boksi. Kisha mzigo ukifika, kabla ya kuusambaza, fungeni globu moja dukani, muiunganishe, na mzime na kuwasha swichi kuu mara tatu, kila hatua mkiipa kama sekunde moja. Ikianza kupepesa, msiiuze mpaka kiwanda kiirekebishe.

Wenu katika kazi,
Fundi umeme wa majumbani,
Dar es Salaam